Miche imegoma chini ya taa: chunguza kabla hujashika mbolea

Mwezi wa tatu huku Minnesota theluji bado imelala uani, na kwenye besimenti za Wakenya wengi kuna meza yenye taa inayowaka tangu alfajiri. Chini yake vimepangwa vikombe vya nyanya, pilipili, sukuma wiki na, kwa aliyebahatika kupata mbegu, managu (mnavu). Baridi ya usiku haituachii bustani hadi karibu katikati ya mwezi wa tano. Anayengoja kusia mbegu za nyanya nje wakati huo atachuma chache tu kabla barafu haijarudi. Ndiyo maana tunaanzia ndani: pilipili wiki nane hadi kumi kabla ya kutoka nje, nyanya wiki sita hadi nane, sukuma hata wiki nne au tano zinatosha.

Halafu simu zinaanza. "Majani yamekuwa manjano, niweke mbolea gani?" Miaka yangu ya mwanzo nilijiuliza swali hilohilo na kujijibu vibaya kila mara, kwa sababu lenyewe limeshaamua kwamba mche una njaa. Mche mchanga hauli kiasi hicho. Mbegu inakuja na akiba yake ndani ya yale majani mawili ya kwanza, majani ya mbegu, na akiba hiyo inautunza mpaka majani halisi yachomoze. Kinachoutesa mwanzoni huwa ni mwanga, maji au baridi, na ukiongeza mbolea juu ya shida hizo unazidisha ugonjwa.

Kwa hiyo kabla hujagusa kitu, tazama mambo mawili. Kwanza, dalili imeanzia wapi kwenye mche: chini, kwenye majani ya zamani, au juu, kwenye machanga? Nitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesi ni virutubisho vinavyohama. Vikipungua, mche unavinyang'anya majani ya chini na kuyapelekea machanga. Chuma na kalsiamu havihami, kwa hiyo upungufu wake unaonekana kileleni. Pili, ni miche ipi mezani imeumwa? Ikiwa ni ya katikati tu, iliyo chini kabisa ya taa, mshuku taa. Ikiwa ni ya upande wa dirisha au ukuta wa nje, shuku baridi. Ikiwa ni yote sawasawa, sasa ndipo uulize maji na mbolea.

Miche imerefuka, imekonda, inalala ubavu

Hili ndilo tatizo kubwa kuliko yote, na ni rahisi kulielewa ukikumbuka ulikotoka. Sisi tumezaliwa karibu na ikweta, ambako mwanga haujawahi kuwa jambo la kupimwa. Ukiweka kopo la dania kwenye baraza, linaota. Minneapolis iko karibu nyuzi 45 kaskazini. Mwezi wa kumi na mbili mchana wake mfupi zaidi haudumu hata saa tisa kwa jumla, na hata jua linaporudi, dirisha moja linalipata sehemu tu ya siku. Jicho la mtu linazoea na kudanganyika. Sebule unayoiona imeng'aa usiku ina laksi (kipimo cha mwanga unaoangukia mahali) mia moja hadi mia tatu hivi, ilhali jua la mchana wa wazi nje linafika laksi 100,000. Mche ulioko dirishani siku ya mawingu unaishi karibu na giza, nao unafanya kitu cha pekee unachoweza: unarefuka kwenda kuutafuta mwanga.

Miche ya mboga inataka laksi kama 10,000 hadi 15,000 kwa saa 14 hadi 16 kwa siku. Unaweza kupima kwa simu. Zipo programu za bure zinazotumia kihisi cha mwanga kilicho upande wa mbele, kwa hiyo ilaze simu pale vilele vya miche vilipo, uso ukitazama juu. Kipimo hicho si cha maabara, lakini kitakuonyesha kama uko kwenye elfu mbili au elfu kumi na mbili, na hicho ndicho unachohitaji kujua. Angalizo: hesabu hii ni ya taa nyeupe. Chini ya taa za zambarau, zenye nyekundu na buluu tupu, laksi hazina maana, maana kipimo hicho kiliundwa kwa jicho la binadamu na si kwa jani.

Sasa taa yenyewe. Usiamini maandishi ya kwenye boksi. Nilinunua taa iliyoandikwa wati 1000, nikaichomeka kwenye kipima umeme, ikavuta wati 98. Haikuwa mbovu, ila jina lake lilikuwa la kujigamba. Kwa trei moja ya sentimita 25 kwa 50, wati halisi 20 hadi 30 za LED nyeupe zinatosha. Zile taa ndefu za gereji zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, zenye mwanga mweupe wa kelvini 4000 au 5000 (kipimo cha rangi ya mwanga), zinakuza miche vizuri kabisa kwa bei ya chini, mradi zining'inizwe karibu: sentimita 10 hadi 15 juu ya vilele. Taa yenye nguvu iliyotengenezwa kwa ajili ya mimea huwekwa juu zaidi, sentimita 30 hadi 45, kisha unapima na kurekebisha. Itundike kwa mnyororo ili uipandishe miche inapokua. Ukiifunga kwa misumari, utajuta baada ya wiki mbili.

Umeme wenyewe usikutishe. Taa ya wati 40 kwa saa 16 inakula yuniti 0.64 kwa siku, yaani yuniti 19 na kitu kwa mwezi.

Kuna mshirika wa siri katika kosa hili: joto. Pilipili inataka nyuzi joto 25 hadi 30 ili iote, kwa hiyo watu wananunua mkeka wa joto, na ni sawa. Lakini mbegu ikishaota, wanauacha mkeka umewashwa. Joto jingi na mwanga haba kwa pamoja ndiyo njia ya haraka ya kuurefusha mche. Nusu ya mbegu zikishatokeza, ondoa mkeka, washa taa siku hiyohiyo, na acha chumba kiwe nyuzi 18 hadi 21.

Iliyokwisha kurefuka je? Nyanya inasameheka. Ihamishie kwenye kikombe kirefu na uzike shina hadi karibu na majani, nalo litatoa mizizi sehemu yote iliyozikwa. Sukuma unaweza kuizika hadi chini ya majani ya mbegu. Pilipili haitoi mizizi ya shina kwa urahisi hivyo, kwa hiyo iegemeze kwa kijiti na uongeze mwanga. Feni ndogo ikipuliza polepole saa chache kwa siku, au kiganja chako kikipita juu ya miche asubuhi na jioni, huimarisha shina. Mtoto wangu ndiye aliyepewa kazi ya kuipapasa, na anaifanya kwa bidii kuliko kazi za shule.

Majani ya juu yamepauka au yamekunja kingo kwenda juu

Huyu ni ndugu wa pili wa tatizo la kwanza: mtu ameambiwa mwanga ni haba, akaishusha taa hadi ikaigusa miche. Dalili ziko kileleni, na miche ya katikati ndiyo imeumia zaidi. Jani linakuwa jeupe-jeupe, limekakamaa, kingo zimeinuka kama chapati iliyokunjwa, na mche unabaki mfupi. Ukiweka mkono chini ya taa usisikie joto, hiyo si dalili ya usalama, kwa kuwa LED inaweza kuchoma kwa wingi wa mwanga bila kukupasha mkono. Pandisha taa sentimita kumi, au ipunguze nguvu kama ina kirungu cha kupunguzia, kisha usubiri jani jipya. Lililopauka halitarudi kijani.

Halafu kuna kosa la taimu, ambalo lilinigharimu trei nzima. Taimu yangu ilikuwa ya magurudumu, na ubavuni ina kibonyezo kidogo cha kuchagua kati ya "fuata saa" na "waka daima". Nilikisukuma bila kujua nilipokuwa nachomeka plagi. Kwa karibu wiki mbili taa iliwaka usiku na mchana. Sukuma haikulalamika sana. Nyanya zikaanza kuwa na madoa ya manjano yasiyo na mpangilio, majani yakakakamaa, nami nikazimwagia mbolea, kisha magnesi, kisha nikalaumu mbegu. Nyanya ni mmea unaodhurika kwa mwanga usiokatika. Unahitaji giza, angalau saa sita, na nane ni bora zaidi. Tangu hapo natembelea besimenti saa tano usiku mara moja kwa wiki kuhakikisha kuna giza. Taimu ya magurudumu pia husimama umeme ukikatika, ikachelewa kwa muda uleule, kwa hiyo baada ya dhoruba itazame.

Manjano kuanzia chini

Kwanza, ni majani gani? Yale mawili ya mbegu yakigeuka manjano na kuanguka mche ukiwa na wiki tatu au nne na majani halisi kadhaa, mwache. Yamemaliza kazi.

Yakiwa majani halisi ya chini, jani zima likififia sawasawa, washukiwa ni wawili, na wanafanana kama mapacha: upungufu wa nitrojeni, na mizizi inayozama. Usiamue kwa kuangalia jani. Inua kikombe. Kama ni kizito na udongo umetota siku tatu baada ya kumwagilia, toa mche polepole utazame mizizi. Mizizi mizima ni myeupe. Iliyozama ni ya kahawia, inateleza, na inanuka kama maji ya chombo chenye maua yaliyokufa. Mche wa namna hiyo unaonekana una njaa kwa sababu hauna mdomo wa kulia. Mbolea haitausaidia. Toboa matundu chini ya kikombe kama uliyasahau, ondoa maji yaliyotuama kwenye trei, na usimwagilie tena hadi kikombe kiwe chepesi mkononi.

Kama kikombe ni chepesi, mizizi ni myeupe na imejaa, na majani ya chini yanafifia huku mche ukisita kukua, hapo sawa, ni njaa. Chukua mbolea ya kuyeyuka kwenye maji, kwa mfano 20-20-20 (namba za nitrojeni, fosforasi na potasiamu, kwa mpangilio huo), robo ya kijiko cha chai kwa lita nne. Hiyo inatoa kama miligramu 60 hadi 65 za nitrojeni kwa lita, na ni chakula cha kutosha kwa mche mdogo mara moja kwa wiki. Majani halisi yakifika manne au zaidi, unaweza kwenda nusu kijiko. Soma pia mfuko wa udongo wako. Michanganyiko mingi ya dukani imeshawekewa mbolea ya kutosha wiki kadhaa, na kama wako ni wa aina hiyo, basi mwezi wa kwanza usilishe kitu.

Manjano juu, mishipa ikibaki kijani

Jani changa limekuwa manjano, lakini mishipa yake imechorwa kijani kama ramani ya mito. Hiyo ni njaa ya chuma, na mara nyingi chuma kimo udongoni, ila mizizi haiwezi kukichukua kwa sababu udongo umepoteza uchachu wake. Mche kwenye mchanganyiko wa piti (mabaki ya mimea ya bwawani yaliyooza nusu) unastawi pH, yaani kipimo cha uchachu, ikiwa 5.8 hadi 6.5. Ikipanda juu ya 7, chuma kinafungwa.

Nani alipandisha pH? Wakati mwingine ni maji magumu ya kisima, yenye chokaa nyingi. Na wakati mwingine ni majivu. Mama mmoja tunayesali naye, mtu wa Kisii, alinionyesha miche ya managu iliyokuwa imepauka kileleni chote. Alikuwa ameinyunyizia jivu la mekoni kila wiki. "Nyumbani tulimwaga majivu shambani na mboga zikaitika," akaniambia, na alikuwa anasema kweli. Udongo mwekundu wa nyanda zile za majani chai una tindikali, na jivu, kama magadi, linaipunguza. Lakini mchanganyiko wa piti wa dukani umeshatiwa chokaa kiwandani. Kijiko cha jivu kwenye kikombe kidogo si sawa na debe la jivu kwenye ekari. Nilimshauri, kwa heshima zote, jivu alipeleke kwingine, miche aihamishie kwenye udongo mpya, na amwagilie kwa maji ya theluji iliyoyeyuka. Theluji ni maji laini yasiyo na chokaa. Unaichota mbali na barabara, kwa kuwa ya kando ya lami imejaa chumvi, na unaiacha ndani hadi ipoteze ubaridi. Majani mapya yalitoka kijani. Kama huna subira ya theluji, kuna chuma cha dukani kilichotayarishwa ili mizizi ikinywe hata pH ikiwa juu kidogo. Fuata kipimo cha kwenye chupa na usizidishe.

Nyumba nyingi huku zina mtambo wa kulainisha maji unaotumia chumvi. Maji yake ni mazuri kwa kuoga na mabaya kwa vikombe, kwa sababu yana sodiamu. Chota kwenye bomba ambalo halipiti kwenye mtambo huo. Mara nyingi ni lile la nje, au moja la jikoni.

Zambarau chini ya majani

Vitabu vitakwambia ni upungufu wa fosforasi, na mtu anakimbilia kununua mbolea yenye namba kubwa ya katikati. Weka kwanza kipimajoto ndani ya udongo. Trei iliyokaa juu ya sakafu ya saruji ya besimenti mwezi wa tatu inaweza kuwa chini ya nyuzi 15 wakati hewa ya chumba ni 19, na katika baridi hiyo mizizi inashindwa kuchukua fosforasi iliyopo. Weka ubao au kipande cha foamu chini ya trei. Wiki moja baadaye utaona tofauti. Shina la nyanya kuwa na weusi wa zambarau kidogo chini ya taa kali si ugonjwa, na zipo aina za sukuma na pilipili ambazo zambarau ni rangi yao ya kuzaliwa.

Ncha zimeungua, majani ni kijani cheusi na yamepinda kama kucha

Umelisha kupita kiasi. Ushahidi mwingine ni ukoko mweupe juu ya udongo au kwenye ukingo wa kikombe, ambao ni chumvi ya mbolea iliyobaki maji yalipokauka. Mwagilia maji matupu polepole, ujazo wa mara mbili au tatu wa kikombe, yapite yote na kumwagika nje, kisha acha kikauke. Usilishe kwa siku kumi. Mwenye kipima chumvi cha EC (kinachopima jinsi maji yanavyopitisha umeme) alenge milisiemens 0.8 hadi 1.2 kwa sentimita kwa miche.

Samadi ya kuku isiyoiva, urea, DAP, vitu vyote hivyo vya shambani, visiingie kwenye kikombe. Amonia yake haina pa kwenda.

Mche ulikuwa mzima jioni, asubuhi umeanguka

Tazama shina pale linapokutana na udongo. Likiwa limebanwa, jembamba kama uzi na lenye maji, ni kinyausi, ugonjwa wa fangasi na vimelea vinavyofanana nao, kama Rhizoctonia na Pythium. Ulioanguka haunyanyuki. Uondoe na udongo wake, punguza maji, washa feni, toa kile kifuniko cha plastiki ambacho kilipaswa kuondoka siku mbegu zilipoota. Mwakani osha trei kwa maji yenye dawa ya kufanya nguo nyeupe, sehemu moja kwa tisa za maji, na usitumie udongo wa bustani. Wapo wanaonyunyiza mdalasini juu ya udongo. Mimi wangu nautia kwenye chai.

Unyevu huohuo huleta vinzi vyeusi vinavyoruka ukigusa kikombe. Acha sentimita moja au mbili za juu zikauke kati ya mwagilio na mwagilio, weka karatasi za manjano zenye gundi, na kama wamezidi tumia bakteria wa Bti kwenye maji ya kumwagilia, maana ndio wanaoua mabuu. Vipele vidogo chini ya majani ya nyanya havina mdudu. Ni mche uliojaa maji katika hewa iliyotulia. Lakini vidoa vya rangi ya majivu, vidogo kama ncha ya sindano, vikiwa na utando mwembamba nyuma ya jani, huo ni utitiri. Hewa kavu ya tanuri la kupashia nyumba joto ndiyo inayoualika. Geuza jani, tazama kwa miwani ya kukuzia, na uoshe nyuma ya majani kwa maji ya sabuni laini mara kwa mara kwa wiki mbili.

Mche ulipotoka nje, ukaungua

Miche imekua vizuri, jua la mwezi wa tano limetoka, mtu anaipeleka bustanini Jumamosi asubuhi. Jumapili majani yana mabaka meupe kama karatasi. Siyo mbolea, siyo ugonjwa: imetoka kwenye laksi elfu kumi na kadhaa hadi karibu laki moja kwa siku moja, na upepo juu yake. Izoeze kwa siku saba hadi kumi. Siku ya kwanza saa moja kivulini, upande usio na upepo, kisha ongeza saa moja au mbili kila siku, jua la asubuhi kabla ya la mchana. Nyanya na pilipili zirudi ndani usiku wowote utakaoshuka chini ya nyuzi 10. Sukuma inaweza kulala nje mapema zaidi, na baridi kidogo inaipa utamu. Iliyokwisha kuungua usiing'oe. Kama kilele bado ni kijani, iweke kivulini siku tatu, imwagilie maji matupu, na uanze kuizoesha upya.